Saa ya Kijeshi ya Elmor Kirinton

Elmor Kirinton hakuwa mtu wa mapambo. Pete ya ndoa aliivua wiki ileile aliyooa, kwa kuwa pete na kazi ya kupapasa mapangoni chini ya bahari havipatani, na tangu hapo mikono yake haikuvaa kitu zaidi ya glavu zilizotoboka. Kwa hiyo aliposhuka gatini kijijini Kaukira mwezi wa Juni, akitoka mjini La Ceiba na mkewe, watu walimtazama mkono wa kushoto hata kabla ya kumuuliza habari za mgonjwa waliyempeleka.

Mkononi palikuwa na saa. Nyeusi, nene, uso mpana, namba kubwa za kijani, mkanda wa kitambaa wa rangi ya sare za jeshi, na kuzunguka kioo palikuwa na duara la chuma lenye alama za dakika, ambalo ukilishika kwa vidole viwili linageuka. Shemeji yake Dunor, aliyekuja kuwapokea mizigo, alitua kikapu chini, akasimama wima na kupiga saluti.

"Afande shemeji," akasema, "vita viko wapi?"

Aliyejibu ni Arlina, mkewe, na kwa kuwa Dunor alikuwa mdogo wake wa tumbo moja hakumwonea haya. Alimwambia saa ile kainunua yeye kwa hela ya mikate yake ya nazi, na mwenye neno aje kwake. Dunor akainua kikapu akaenda zake, ila njia nzima alitembea kwa kwata, kushoto kulia, mpaka watoto waliokuwa wakicheza mchangani wakamfuata nyuma.

Habari yenyewe ilianzia kwa Rendel, kaka yake Elmor. Wote wawili walikuwa wapiga mbizi wa kambakoche, kama walivyo wanaume wengi wa upande ule. Meli huwachukua wapiga mbizi ishirini au thelathini, kila mmoja na mtumbwi wake na mtu wa kumpigia kasia, hukaa nao huko kwenye miamba siku kumi na mbili, na mtu hulipwa kwa ratili za mikia ya kamba atakayoleta. Februari, safari ya mwisho ya msimu, Rendel alimaliza mitungi ya hewa kumi na miwili kwa siku moja. Alipanda melini anacheka, akaomba kahawa, akainywa nusu. Akasema sisimizi wanamtembea miguuni. Baadaye kidogo akasema haisikii miguu kabisa.

Kaukira wana maelezo yao juu ya jambo hilo. Chini kule kuna Liwa, mwanamke wa baharini, na mali yote ya chini ni yake. Mtu akichota bila kupumzika, humkamata. Mama yao alimwita mganga, Rendel akafukizwa na kukandwa kwa majani, mwezi mmoja, miwili, mitatu. Elmor mwenyewe alikuwa akimwamini Liwa na anamwamini mpaka leo. Lakini miguu ya kaka yake haikurudi, na katika mwezi wa nne tangu aumie wakajikusuru wakampeleka La Ceiba, kwenye hospitali yenye chumba cha chuma cha kuwatibu wapiga mbizi.

Nesi wa chumba kile alikuwa mama mnene mwenye miwani, asiye na haraka. Aliwaambia ukweli: mgonjwa angeletwa siku ileile, pengine angetoka akitembea, kwa sasa watafanya wanachoweza. Halafu akamketisha Arlina kwenye benchi na kumweleza kwamba hewa anayovuta mtu akiwa kwenye kina kirefu huingia kwenye damu, na akikaa sana kisha akapanda mbiombio, hufanya povu mwilini kama soda iliyotikiswa.

"Mumeo naye anazama?" akamuuliza.

"Anazama."

"Anajuaje amekaa chini muda gani?"

Arlina akafikiri. "Hewa ikiisha kwenye mtungi, anapanda."

"Basi hajui," nesi akasema.

Akachukua kipande cha kadi akamwandikia: kina cha pima kumi na saba, dakika ishirini, zisizidi. Kisha saa nzima juu bila kushuka. Mitungi minne kwa siku. Arlina alipoona minne alicheka bila kutaka, akasema, mama, mitungi minne hailishi hata kuku. Nesi hakuchukia. Alikata ile nne akaandika sita, akasema sita siyo salama ila ni bora kuliko kumi na miwili, na asiyeweza kupunguza basi walau ahesabu.

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja mjini kutafuta saa. Kwenye duka la kwanza zile za wapiga mbizi wenyewe zilikuwa ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, bei lempira elfu tisa na zaidi, na Elmor hakutaka hata zifunguliwe. Hizi za kijeshi zilikuwa nje, zimebanwa kwenye makaratasi na kutundikwa kama peremende. Mia nane na hamsini. Muuzaji aliwaambia ni ya betri, mashine yake haikosei hata dakika kwa mwezi, na askari wengi wanaivaa.

"Majini inaingia?" Elmor akauliza.

"Imeandikwa mita mia mbili," akasema muuzaji.

Elmor alilisikia jibu hilo vizuri. Muuzaji hakusema inaingia, alisema imeandikwa. Walipotoka nje alimwambia mkewe hiyo ni hela ya mchele wa mwezi, wanainunulia maandishi. Arlina alimwacha amalize. Kisha akarudi dukani peke yake, akatoka nayo.

Wiki mbili zilizobaki kabla msimu haujafunguliwa, saa ile ilikuwa mazungumzo ya nyumba nzima. Elmor aliiweka ndani ya ndoo ya maji tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha jioni, na ilitoka inatembea. Aliiweka juani, ikatembea. Alimwendea jirani mwenye redio kila habari zinaposomwa akalinganisha, na kweli haikukosea. Rendel, aliyekwisha kurudishwa nyumbani na sasa alikuwa akiketi kwenye kiti cha magurudumu barazani, aliomba aishike. Aligeuza lile duara mara nyingi, akauliza linafanya nini. Elmor akamwonyesha: ukianza kushuka unaleta alama hii ifike kwenye mshale mrefu, na mshale ukitembea unakuonyesha dakika ulizokaa chini. Rendel aliitazama kwa muda, akamrudishia.

"Vaa tu," akasema. "Wakicheka, vaa."

Nao walicheka, tena sana. Melini palikuwa na mpiga mbizi mmoja aitwaye Sidwel Trapp, mtu wa miaka arobaini na saba, mkongwe kuliko wote waliokuwa bado wanashuka, na kwa mdomo hakuwa na mfano. Siku ya kwanza tu, watu wamekaa na mabakuli ya wabul, ule uji mzito wa ndizi na tui la nazi, alimwomba Elmor mkono, akauinua wenzake wauone.

"Mdogo wangu," akasema, "hii naijua. Alikuwa nayo sajenti mmoja pale kituoni. Ilinyesha mvua, saa ikafa. Mvua, siyo bahari."

"Hii imekaa ndooni siku nzima, kaka Sidwel."

"Basi uwe unawinda kamba ndooni."

Meli nzima ilivunjika mbavu, na Dunor, ambaye ndiye aliyekuwa akimpigia Elmor kasia, alicheka kuliko wote. Elmor naye akacheka, ingawa masikio yalikuwa yanamwaka. Nahodha Basilio, aliyekuwa na saa ya bei kubwa ambayo haijawahi kushuka chini ya maji zaidi ya kunawa, alitikisa kichwa akaingia zake chumbani.

Asubuhi ya pili walifika kwenye miamba. Elmor alileta alama kwenye mshale mrefu, akauma mpira wa hewa, akashuka. Pima kumi na saba ni mbali. Rangi nyekundu hupotea njiani, na damu ikikutoka unaiona ya kijani. Zile namba ziliwaka vizuri kuliko alivyotazamia. Alifanya kazi, akatazama: dakika sita. Akafanya kazi, akatazama: dakika kumi na moja. Alijisikia mtu mwenye akili. Mara ya tatu alipotazama hakuona mshale. Ndani ya kioo palikuwa na ukungu, na upande wa chini tone la maji lilikuwa linacheza kama kwenye chupa ya mafuta. Akapapasa lile duara, akakuta limekwisha kugeuka lenyewe kwa kusuguana na mwamba. Hata kama angeona mshale, hesabu ingekuwa ya uongo.

Alipanda polepole, akajitupa mtumbwini. Dunor alimshika mkono akatazama kioo. Ilikuwa nafasi ya mzaha ambayo hakuna shemeji angeiacha, ila alimtazama usoni akaiacha.

"Dada atatuua," ndilo neno alilosema.

Walirudi melini kula. Elmor aliificha saa mfukoni, lakini mpishi, mzee mwenyeji wa Brus Laguna aliyewahi kulowesha simu zake zote mbili, alikwisha kuiona, akamwambia aizike ndani ya mchele mkavu. Walizika. Adhuhuri ya kesho yake walipoifukua, ukungu ulikuwa umekwisha, kilichobaki ni doa dogo la chumvi karibu na namba nne, na mshale mwembamba ulikuwa unaruka sekunde kwa sekunde kama hakuna kilichotokea. Dunor aliilinganisha na ile ya nahodha kupitia dirishani. Haikuwa imekosea hata dakika.

Hapo ndipo Dunor alipopata wazo, na ingawa watu humsifia Elmor, mwenyewe husema kila mara kwamba wazo lilikuwa la shemeji yake.

"Hii saa haina ubaya," Dunor akasema. "Ubaya wake ni maji tu."

"Saa ya kuzamia, ubaya wake maji."

"Sikiliza kwanza, shemeji. Mimi nakaa juu siku nzima natazama mapovu yako. Nipe niivae mimi. Dakika zikifika nakuita."

"Utaniitaje? Utapiga ukelele?"

Dunor alichukua mtungi mtupu, akautumbukiza majini nusu, akaupiga kwa spana. Ngo, ngo, ngo. Elmor aliingiza kichwa majini akasikiliza. Sauti ilikuja kutoka pande zote, kali, kama mtu anagonga ndani ya fuvu.

Tangu siku ile kazi yao ilibadilika. Dunor alivaa saa, akageuza duara kila Elmor aliposhuka, na huko mtumbwini hakukuwa na mwamba wa kuligeuza. Dakika ya kumi na nane alipiga mara tatu, maana yake kusanya. Dakika ya ishirini alipiga mfululizo, maana yake panda. Elmor akipanda, walikaa saa nzima. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu. Wakati wenzao wanabadilisha mtungi na kuzama tena, wao walikuwa wameketi kwenye mtumbwi, jua linawachoma, wanatafuna mkate wa nazi. Walizungumza mpaka maneno yakaisha, wakaanza upya yale ya mwanzo. Jioni, mizani ya melini ilipowekwa, ratili zao zilikuwa karibu nusu ya zile za Sidwel, na Sidwel hakuliacha lipite. Alimuuliza Dunor kama hiyo ni saa au ni kengele ya shule. Akauliza mapumziko ya mchana ni lini.

Siku ya sita Elmor aliona kitu. Alikuwa anapanda baada ya mlio, mkono mmoja umeshika gunia, na alipogeuza kichwa aliona mapovu ya watu wawili nao wakipanda, mmoja kushoto, mmoja mbali kidogo kulia. Alidhani mitungi yao imekwisha. Mara ya pili ikawa vilevile, na safari hii walikuwa watatu. Alimwambia Dunor. Dunor akatazama mitumbwi iliyo jirani, kila mwenye kasia anatazama upande wake kama haoni, akatabasamu peke yake. Maji hayachagui wa kumpelekea sauti. Kila aliyekuwa karibu nao alikuwa akiisikia ile spana, na baadhi yao, bila kumwambia mtu, walikuwa wameanza kuitii. Melini hakuna aliyelitaja. Jioni waliendelea kucheka kama kawaida.

Mizani ndiyo iliyowatobolea siri. Siku ya nane nahodha Basilio alitazama daftari lake, akaona mzigo umepungua kwa watu wanne wanaofanya kazi upande mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mwenye meli anayemsubiri pwani, na mafuta ya meli hayajinunui. Alimwita Elmor pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akitaka kukaa mtumbwini kama mtalii ni shauri lake na ratili zake, lakini makelele ya chuma yanawapandisha watu kabla ya wakati. Kuanzia kesho hataki kusikia spana.

Elmor alitaka kumweleza habari za nesi na ile kadi. Aliyapanga maneno kichwani, akaanza, nahodha akamwambia aliyeandika kadi halipii dizeli. Elmor akasema ndiyo, nahodha. Maneno hayo mawili yalikuja kumkera kwa miaka.

Kesho yake, siku ya tisa, Dunor hakupiga mtungi. Walikubaliana njia nyingine: Elmor alifunga kamba nyembamba kiunoni, na dakika zikitimia Dunor aliivuta. Kwa wao wawili ilifaa vizuri tu. Walifanya mitungi yao mitano wakarudi melini mapema, kabla ya jua kulegea, wakakuta mtumbwi wa Sidwel unaletwa na mkwewe Orlin kwa nguvu zote, anapiga kasia huku analia.

Sidwel alikuwa amelala chali ndani yake, macho wazi, akili timamu. Miguu alikuwa haisikii. Walimpandisha kwenye sitaha, wakamlaza juu ya magodoro matatu, nahodha akaita mitumbwi yote na kugeuza meli kuelekea pwani. Kutoka pale ni zaidi ya siku moja. Elmor alikaa chini karibu na kichwa chake, akimlowesha midomo, na kwa muda mrefu Sidwel hakusema neno. Mtu yule kuwa kimya, hata mpishi aliogopa.

Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mdogo wangu," akasema, "leo mbona hamkugonga?"

Elmor hakuelewa upesi. "Kugonga nini, kaka?"

"Ile spana yenu. Nilikuwa naisubiri. Nikasema, bado dakika hazijafika, ngoja niongeze kamba mmoja. Nikaongeza mwingine." Akalamba chumvi midomoni. "Nikaona hewa imekuwa ngumu. Nikapanda mbio."

Elmor alimtazama Orlin. Orlin, akiwa bado analia, akaeleza kwamba tangu siku ya tano baba mkwe alikuwa akipanda kwa mlio ule, na alikuwa amemwapisha asimwambie mtu, kwa sababu ya aibu ya maneno aliyoyasema. Nahodha Basilio alikuwa amesimama mlangoni kwake, hatua nne tu kutoka pale. Alisikia yote. Aliingia ndani akafunga mlango, na injini ikaongezwa moto.

Elmor aliinuka akaenda nyuma ya meli. Dunor alimfuata, akasimama kando yake bila kumgusa. Elmor akasema kwamba angekataa jana, kaka Sidwel angekuwa anacheza karata saa hizi. Dunor akamwambia aliyekataza anajulikana. Elmor akasema ndiyo, na aliyemjibu nahodha ndiyo anajulikana pia. Dunor alivua ile saa akamkabidhi, Elmor akairudisha mkononi mwake, akaifunga mwenyewe kama mtu anayefunga jeraha.

Safari hii haikupita miezi minne. Kutoka gatini Sidwel alitiwa kwenye ndege ndogo, na siku ya pili tangu aumie alikuwa ndani ya chumba kile cha chuma, mikononi mwa yule mama mwenye miwani. Alitibiwa mara kumi na tano. Mguu wa kulia ulirudi wote, wa kushoto ukarudi kiasi cha kuburuta. Aliporudi Kaukira anatembelea fimbo, watu walipanga mstari kumtazama, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba chakula cha hospitali kimempa uchungu kuliko ugonjwa. Hakushuka tena majini. Alianza kutengeneza makasia, na mpaka leo makasia yake ndiyo yanayoombwa zaidi upande ule.

Nahodha Basilio hakuomba radhi, wala hakuna aliyemtazamia aombe. Ila safari iliyofuata, kabla mitumbwi haijashushwa, alitoka na kusimama mbele ya watu wote, akasema wenye kupiga mitungi wapige, na atakayepanda kabla ya mlio au baada yake ni juu yake. Halafu akamtazama Elmor, Elmor akasema asante nahodha, na safari hii maneno mawili hayakumkera.

Sasa wenye kasia wengine nao walitaka saa. Kila mmoja aliagiza alipoweza, na kila aliyetaka kuagiza alikuja kwanza kwa Elmor kuuliza kama zile za kijeshi za bei rahisi zinafaa au ni kutupa hela. Elmor hakuwa mtu wa kuficha. Alisema inategemea unamvisha nani. Ukimvisha anayeshuka, umetupa hela, na pengine umemtupa na yeye, kwa sababu itamdanganya wakati hana wa kumuuliza. Ukimvisha anayebaki juu, hutapata kitu cha bei ile chenye faida kama ile. Betri inakaa miaka miwili, majira hayapotei, namba zinaonekana hata mvua ikinyesha. Mkanda ndio unaooza, badilisha. Na usimwamini muuzaji anayekusomea maandishi.

Msimu wa pili mitumbwi saba ilikuwa na saa, na kulizuka matatizo mapya, kwa sababu mitumbwi ikikaribiana mtu hajui mlio ni wa nani. Waligombana siku mbili. Mwishowe wakagawana: huyu atapiga mbili mbili, huyu tatu, huyu ataburuza spana kwenye shingo ya mtungi. Wapiga mbizi walizoea kama mama anavyozoea kilio cha mwanawe. Hakuna anayesema ajali zilikwisha. Mwaka ule watu wawili waliumia vivyo hivyo, mmoja kutoka meli nyingine, mmoja kutoka ya kwao, ambaye alisikia mlio akaupuuza kwa ajili ya pango lililojaa. Lakini zamani hawakuwa wawili tu, na hilo kila mtu Kaukira alilijua bila kuandikiwa.

Saa ya kwanza ilidumu miaka mitatu na miezi kadhaa. Mwisho wake haukuwa wa kishujaa: Dunor aliiangusha akiwa anashuka gatini na sanduku la bia kichwani, ikapigwa na ubao, lile duara likaruka majini na kioo kikapasuka. Alikuja nayo nyumbani ameifunga kwenye leso. Arlina alimpokea akaifungua, akamwambia awe mwangalifu zaidi na dada zake kuliko na bia, jambo ambalo hakuna aliyelielewa, hata yeye mwenyewe, na wote wakacheka.

Mwezi uliofuata Elmor na Arlina walikwenda La Ceiba tena, safari hii kwa ajili ya macho ya mama yake Elmor. Mchana, mama akiwa amepumzika, wakaingia kwenye duka lilelile. Muuzaji alikuwa mwingine, kijana wa kike mwenye kucha ndefu, na alipomwona Elmor, mabega mapana na makovu ya matumbawe mikononi, alijua mara moja anahudumia nani. Alifungua kabati la kioo, akatoa moja ya zile nzito, akaiweka juu ya kitambaa. Akamwambia hii ndiyo ya kazi yake, ataishi nayo na kuirithisha.

Elmor aliichukua, akaipima kiganjani. Sasa angeweza kuinunua, kwa kujibana. Aligeuza duara lake, likalia tik, tik, upande mmoja tu, halikubali kurudi nyuma. Alilipenda. Arlina alimtazama anavyolipenda, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alinyamaza dukani.

"Nipe zile za nje," Elmor akasema. "Za kijani. Tatu."

Yule binti alisita. Kisha akainama kidogo juu ya meza, akashusha sauti ili mwenye duka asisikie.

"Kaka, nikwambie ukweli. Hizo usizame nazo."

"Sizami nazo," Elmor akasema. "Ila asante. Wewe ni wa kwanza kuniambia."

Moja ilikuwa ya Dunor. Moja ya Orlin, ambaye sasa alikuwa akimpigia kasia mpiga mbizi mwingine. Ya tatu Elmor hakuwa na hakika nayo; alisema yuko mtu atakayekuja kuiomba. Aliomba aazimwe meza kwa dakika mbili, akazipanga zote kando kando, akavuta vile vidude vya pembeni mpaka mishale yote ikasimama, akangoja mshale wa sekunde wa saa ya ukutani ufike juu, akavisukuma kimoja kimoja upesi. Zikaanza kutembea pamoja. Arlina alikuwa amekwisha kutoka nje, anamuuliza mama mmoja bei ya ndizi, na anamwambia ni ghali.